Jua la Mamba na Jua la Kihurio

Sisi Wasabato wa Mamba tuna majua mawili, na mimi Zefania, mpiga kengele wa kanisa kwa miaka tisa, niliyatumia yote mawili kwa ujanja. Kijiji chetu kiko upande wa mashariki wa mlima. Ikifika saa kumi na moja na nusu jua linajificha nyuma ya kilele, tunabaki kivulini. Lakini ukitazama chini, tambarare ya Kihurio bado ina mwanga karibu saa nzima.

Ijumaa, Sabato inapoingia, nilifuata jua la Kihurio, nipate kumalizia kazi zangu za shamba. Jumamosi, Sabato inapotoka, nilifuata jua la Mamba. Mke wangu Eliwaza alizoea kusema, "Baba Raheli, Sabato yako umeinyoa huku na huku." Nami nilimjibu kwamba kanisa lina mpiga kengele mmoja tu.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni na chai isiyo na sukari, na sasa wafanyabiashara wakaruhusiwa kupanda mlimani kununua tangawizi kwetu wenyewe. Wa kwanza alikuwa Omari, kijana wa Same mwenye lori bovu na maneno matamu. Siku nyingine zote alikuwa Kihurio kwenye mpunga, kwa hiyo kwetu alifika Jumamosi alasiri, akatega mizani yake chini ya kanisa na kungoja Sabato itoke.

Alipokuja mara ya pili, tangawizi ya kijiji kizima ilikuwa imeshachimbwa na magunia yamejaa. Mlima ulipolificha jua nilichukua nyundo, nikaenda kwenye rimu la lori tunalolitumia kama kengele. Nimenyanyua mkono, huyo Omari, tende mkononi.

"Shikamoo, mzee. Piga tu, nifungue."

"Marahaba. Ufungue nini, mizani?"

"Swaumu, mzee. Huku hakuna msikiti, na redio yangu imeisha betri. Jumamosi iliyopita nilifungua kwa kengele yako. Nikasema, Wasabato hawachezi na jua."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imeishia kwenye tende. Niliona aibu. Nikimwambia kweli, pengine atawasha lori aende zake, na tangawizi ya watu inyauke kwa ajili yangu. Nisipomwambia, atakula mchana mara ya pili. Eliwaza alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa, akinitazama.

Nikashusha nyundo. "Usile, mwanangu. Bado mchana. Tazama Kihurio."

Akatazama. Jirani yangu Dickson, aliyekaa juu ya magunia yake, akapaza sauti, "Mzee, kengele! Mbona leo unachelewa?"

"Sichelewi. Siku zote nilikuwa namwibia Mungu, na ninyi nikiwafanya mwibe pamoja nami." Nikawaeleza yote, majua mawili na ujanja wangu. "Na wewe Omari, wiki iliyopita nilikufungulisha mchana kweupe. Nisamehe."

Omari akairudisha tende mfukoni polepole. Nikangoja kusikia lori likiwashwa. Badala yake akaketi juu ya jiwe, akacheka mpaka akashika mbavu.

Basi tukakaa wote, wenye magunia na mwenye mizani. Tuliimba nyimbo mbili vizuri na ya tatu vibaya, mpaka mwanga wa Kihurio ukaisha. Nikapiga kengele. Omari akala tende yake, na Eliwaza akamletea kikombe cha uji.

"Mimi nitalipa siku moja baada ya Idi," Omari akasema, akipuliza uji. "Na wewe, mzee, utalipa ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Miaka tisa ya Jumamosi," Eliwaza akasema, "na Ijumaa zake."