Kamera ya Mama Dawa

Ijumaa mchana Mwalimu aliichomeka kamera kwenye kompyuta yake, pale pale mezani sebuleni, ili atoe picha za darasa lake alizopiga Jumanne. Alitarajia kukuta picha arobaini. Akakuta mia sita na ushee.

Kamera haikuwa yake, ilikuwa ya mama yake, na muda huo mama, aliye likizoni tangu Jumatano, alikuwa barazani pale kwa binti yake, amempakata mjukuu wake, mtoto wa Mwalimu. Alikuwa ametoa ruhusa shingo upande. "Toa zako tu," alisema, "zangu usizifungue." Mama mwenye umri wa miaka hamsini na minane anapokuwa na picha za siri, mtoto gani atajizuia? Mwalimu alicheka peke yake, akafungua ya kwanza.

Ilikuwa picha ya chupa ya dawa. Ya pili, chupa ya dawa. Ya tatu, cheti chenye mwandiko wa daktari ule wa kukimbizana. Ya nne, boksi la vidonge limepigwa kwa karibu mno mpaka herufi tatu zimejaa kioo kizima.

Hapo inabidi tuseme habari za mama. Pale mjini watu walimwita Mama Dawa, kwa sababu kwa miaka thelathini alikaa kwenye dirisha la dawa la zahanati na kila aliyeugua alipita mbele ya mikono yake. Kamera alinunuliwa na Mwalimu mwaka uliopita, ndogo ya kuenea kiganjani, ili ampige picha mjukuu. Na huyu mama, ambaye rimoti ya televisheni ilimshinda mwaka mzima, kamera aliimaliza kwa siku mbili. Alijua kubonyeza nusu kwanza, asubiri kile kiboksi cha kijani na mlio, ndipo abonyeze mpaka mwisho. Alijua alama ya ua, ile ya kupigia vitu vya karibu. Alijua kukisukuma kile kidude cha juu ili picha iliyokwisha kupigwa ikue na kukua. Ndugu walimtania kwamba amekuwa mpiga picha uzeeni. Alicheka nao, lakini picha zenyewe hakumwonyesha mtu.

Tangu hapo haikumtoka mkononi. Jumapili Mwalimu aliiomba kwa ajili ya darasa lake, akakataliwa katakata, akanuna. Basi Jumanne asubuhi alipopita kwa mama, akamkuta yuko bafuni na kamera iko juu ya mkoba wa kazini, aliitia mfuko wa koti akaondoka zake. Saa nne simu yake ya vibonye ikalia shuleni. Mama aliuliza, kwa sauti ya chini, kama anaweza kumletea mara moja. Mwalimu alisema ataileta jioni, kisha akawaambia wenzake kwamba mama amekuwa bahili wa kamera. Wakacheka kweli kweli. Jioni aliirudisha bila hata kutoa picha zake.

Sasa hakuwa na cha kucheka. Alipitisha picha mia, mia mbili, mia tatu. Lebo, vyeti, maboksi, bili ya umeme, tarehe za kuharibika kwa dawa. Katikati ya vyote hivyo ikatokea sura yake mwenyewe akiwa mezani anakula, imepigwa kwa karibu. Aliikumbuka siku ile. Alimuuliza mama anapiga nini, mama akajibu anajaribu tu. Jioni ile ile, kabla ya kuaga, mama alimwambia, "Umekonda, mwanangu."

Mwalimu alipigwa na butwaa. Kichwa kilikuwa kimeshaelewa na moyo unakataa. Alitoka kwenda barazani akasimama mbele ya mama yake, na mama akamtazama pembeni kidogo ya uso, kama alivyokuwa akitazama watu siku hizi, na wao wakidhani ni maringo ya uzee.

"Mama, macho yako yana nini?"

Mama aliendelea kumpapasa mtoto mgongoni. "Umefungua zangu," alisema.

Alieleza yote bila kupandisha sauti. Ni mwaka na nusu sasa. Mlango anauona, mtu anamwona, lakini katikati pale panapopaswa kuwa na sura au herufi pana ukungu. Daktari wa macho wa mji mwingine alimwambia miwani haitasaidia. Bado miezi kumi na minane astaafu. Kila cheti kilichopita dirishani alikipiga picha, akakikuza mpaka herufi moja ikawa kubwa kama kidole, kisha akaipiga picha na lebo ya chupa, akalinganisha, ndipo akatoa. Watu walilalamikia foleni. Walalamike tu, alisema. Hakuna aliyewahi kupewa dawa isiyo yake.

"Na Jumanne?" Mwalimu aliuliza.

Mkono wa mama ukasimama mgongoni kwa mtoto.

"Jumanne niligawa kwa kupapasa. Rafu zile nimezipanga mwenyewe, najua kila chupa inakaa wapi."

"Kwa nini hukufunga dirisha?"

"Ningesema nini, Mwalimu? Ningewaambia nini wale watu?"

Mwalimu akamtazama mtoto. Alikuwa na homa tangu Jumatatu, daktari alimwandikia dawa ya maji, na Jumanne jioni bibi yake akaja nayo kutoka dirishani kwake, akasema, "Mpeni mke mwenzangu kijiko asubuhi, mchana na jioni." Homa iliondoka, wote wakashukuru. Usingizi wake wa tangu Jumatano wakauita uchovu wa ugonjwa. Na sasa hivi, saa tisa mchana, mtoto wa miaka minne asiyetulia hata dakika moja alikuwa amelala mdomo wazi, mikono inaning'inia, wala kelele za mtaani hazimsumbui.

Alikimbia jikoni. Chupa ilikuwa juu ya friji, pale pale anapoiweka kila siku. Hakuhitaji kuikuza. Herufi zilikuwa kubwa za kutosha kusomwa akiwa amesimama mlangoni. Dawa ya mafua na kujikuna, si ya homa. Chini yake, kwa wino mwekundu, iliandikwa kwamba inaleta usingizi. Mwalimu aliinyakua akaitia mfuko wa koti.

Zahanati haikuwa mbali. Walikwenda kwa miguu, Mwalimu amembeba mtoto, mama ameshika koti la binti yake kwa nyuma. Hakuwahi kulishika hapo kabla.

Daktari alimwamsha mtoto kwa shida, akammulika macho, akamsikiliza kifua, akamfanya asimame na kutembea mpaka ukutani na kurudi. Mtoto alinung'unika akataka maji. Daktari akashusha pumzi. Dawa isimamishwe leo leo, alisema, usingizi utamtoka, kesho atakuwa mzima. Bahati kijiko kilikuwa kidogo. Mama Dawa hakungoja kuulizwa. Alitoa funguo za chumba cha dawa mkobani, akaziweka juu ya meza, akasema habari yote kuanzia macho mpaka kamera. Daktari alisikiliza kalamu ikiwa hewani. Kisha alisema Jumatatu jioni mzigo mpya wa dawa uliingia, na mtunza stoo alizisogeza chupa zote za rafu ya chini.

Mama alikaa chini bila kutafuta kiti kwa mkono, akabahatika kukikuta.

Jumanne walipita watu arobaini na mmoja. Daktari alilivuta daftari, kisha akaichukua ile chupa ya mtoto akaigeuzageuza. Aliuliza nyumbani nani alikuwa anampa mtoto dawa hii.

"Mimi," mama aliwahi.

Ulikuwa uongo, na Mwalimu angeweza kuuacha upite. Mwanamke aliyekwisha kupoteza kazi yake dakika mbili zilizopita alikuwa anabeba na huu mzigo juu yake. Mwalimu alizihesabu siku kwa vidole, kuanzia Jumanne jioni.

"Ni mimi," alisema. "Mara tisa. Mimi naona, daktari. Niliipokea kwa mama yangu nikampa mtoto, sikuisoma hata mara moja."

Daktari alimsogezea daftari, kwa kuwa mtu wa kuita majina alihitajika, na watu wale walipaswa kutafutwa kabla jua halijazama. Mwalimu akaanza kusoma kwa sauti, jina kwa jina na dawa iliyoandikwa mbele yake. Mama yake alifumba macho, akanyoosha mkono hewani kuelekea rafu isiyokuwepo, akikumbuka alichoshika.