Kaya ya Bi Ozella

Kiapo nilichokula nilipopewa ukarani wa sensa kilikuwa kizito kuliko cha ndoa yangu: ulichoambiwa usikiseme popote, kwa yeyote. Nimekishika. Ya nyumbani kwa Bi Ozella Brumfield nayasimulia kwa sababu wenyewe walishayatangaza kanisani, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mji wetu ni Tillard, katikati ya mashamba ya pamba ya Mississippi. Waliorudisha karatasi zao kwa posta hawakunihusu. Mimi nilipewa wakaidi. Na wakaidi wa Tillard ni wazee. Vijana wako Memphis na Chicago, wanarudi kwa mazishi na kwa Jumapili ya Agosti, kanisa linapowaita wote nyumbani. Wazungu wa ng'ambo ya reli walinijibu wakiwa wamesimama mlangoni, wakafunga. Kina Wing, Wachina wenye duka, walinijibu huku wakikata nyama ya mteja. Kwetu sisi weusi kazi haiendi hivyo. Ukibisha hodi unaulizwa kwanza wewe ni wa nani. Ukishajitaja, unasimuliwa babu yako alivyokuwa mlevi. Kisha unakaa, unakula, ndipo unauliza. Kiangazi kile nilinenepa.

Siku hiyo nilianza na nyumba ya Shemasi Lonzo Gatlin. Gari lake la mizigo lilikuwa uani na taa ya barazani inawaka mchana kweupe. Nilibisha hodi hadi vidole vikauma. Nilipotaka kushika kitasa niliruka nyuma: nyigu walikuwa wamekijengea kiota kizima, kikubwa kama embe. Mlango ule ulikuwa haujafunguliwa na mtu tangu majira ya baridi. Dirishani nikachungulia, nikaona kitanda kimejaa viazi vitamu.

Sikushangaa sana. Mji mzima ulijua Shemasi analala wapi, na mji mzima ulijifanya haujui, maana hiyo ndiyo adabu ya kwetu. Nilivuka barabara kwenda kwa Bi Ozella, kiongozi wa akina mama wa kanisa, wale wanaokaa mstari wa mbele wamevaa nyeupe tupu.

Shemasi alikuwa mezani kwake, leso imechomekwa shingoni, anakula bamia.

"Karibu, mtoto wa Maybelle," alisema Bi Ozella. "Shemasi amepita tu kunisalimia."

"Nimepita," alisema Shemasi, miguuni ana ndara za nyumbani.

Nikawekewa kambare wa kukaanga, kunde na mkate wa mahindi, nikala kwa sababu kukataa ni kutangaza vita. Nilipofuta mikono nikatoa karatasi.

"Bi Ozella, katika kaya hii wanaishi watu wangapi?"

"Mmoja."

Shemasi aliweka uma chini. "Ozella."

"Nimesema mmoja! U kiziwi, Dorthea? Andika."

"Sitanyamaza leo," alisema Shemasi. "Mimi nilisimama mbele ya kanisa nikaahidi kusema kweli. Miaka sita nalala hapa. Nafua hapa. Bibi, hata mbwa wako ananitii mimi kuliko wewe."

"Mbwa anakutii kwa sababu unaiba nyama yangu unampa!"

"Mwambie mtoto kweli."

Bi Ozella alinigeukia mimi, akamwacha yeye. Sauti ilishuka. "Dorthea, nilimwoa... ah, walinioa mimi, Roosevelt akaanza, akafuata Clyde. Wote wanaume wazima, wanabeba gunia la pamba kwa mkono mmoja. Nikala kiapo na Roosevelt, nikamzika. Nikala kiapo na Clyde, nikamzika. Huyu nimemwacha bila kiapo, bila jina, bila karatasi yoyote, na mtazame. Hata mafua hana."

"Nina presha," alisema Shemasi.

"Nyamaza, Lonzo."

Nilimwonea huruma, maana hakuwa anatania. Mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua kitambaa cha meza. Mwanamke huyu aliyemkemea mchungaji hadharani kwa kuhubiri sana alikuwa anaogopa kalamu yangu.

"Huyu mwandike kwake ng'ambo," aliniomba. "Nyumba anayo. Gari liko pale. Taa inawaka."

"Siwezi, Bi Ozella. Mtu anahesabiwa anapolala siku nyingi. Kule nimetoka sasa hivi. Nyigu wamejenga kwenye kitasa."

Shemasi alikohoa. "Nilitaka kuwaondoa."

"Ulitaka tangu Februari," alisema Bi Ozella. "Sasa kule utaandika nini?"

"Nyumba tupu. Haina mtu."

"Na hapa?"

"Hapa nitaandika unachoniambia wewe. Ukisema mmoja, ni mmoja."

"Halafu Lonzo anahesabiwa wapi?"

"Hahesabiwi."

"Hahesabiwi wapi?"

"Popote. Kwa serikali anakuwa hayupo."

Bi Ozella alisimama. Alikwenda hadi jikoni, akafungua bomba, akalifunga, akarudi bila kitu mkononi. Shemasi alivua leso shingoni, akaikunja vizuri, akawa anaitazama. Nimewahi kumwona mzee yule akiwazika nduguze wote wawili, lakini sikuwahi kumwona mnyonge kama pale.

"Hayupo," alisema Bi Ozella. "Wamo wote, hata yule mlevi Dewitt wa nyuma ya kituo cha mafuta, yeye hayupo?"

"Dewitt nilimhesabu jana."

"Dewitt yupo na Lonzo hayupo!" Alipiga meza, gilasi za chai ya barafu zikaruka. "Mwandike."

"Wapi?"

"Hapa! Anaishi wapi kwingine? Andika wawili. Lonzo Gatlin, yu hai, anakula bamia yangu."

Niliandika. Ila karatasi ilikuwa haijaniachia, na mimi nilifundishwa kusoma kila swali lilivyo. "Uhusiano wake na mkuu wa kaya?"

"Mkuu ni nani?" aliuliza Shemasi.

Tulimtazama wote wawili, akarudi kwenye bamia.

"Nisome," nikasema. "Mume. Kaka. Mkwe. Mpangaji. Mwenzi bila ndoa."

"Andika mume."

"Swali ni la Aprili mosi, siku ya sensa, Bi Ozella. Mlikuwa hamjaoana."

Nilidhani atanitoa nje kwa ufagio. Kiongozi wa akina mama, mavazi meupe, mstari wa mbele. Alivuta pumzi ndefu.

"Basi andika hilo la mwisho," alisema. "Aibu ni yangu, nitaibeba. Lakini mtu wangu asiandikwe hayupo."

Nilipomaliza kuandika, Shemasi alivuta kiti karibu. "Hebu soma hapo penye jina langu."

Nikasoma.

"Soma tena."

Nikasoma tena, na macho yake yakajaa machozi, akasingizia pilipili.

Walioana Jumapili ya Agosti, watoto wa Chicago wakiwa wamejaa hadi uani. Mchungaji aliposema washikane mikono, Bi Ozella hakumshika Shemasi kiganja. Alimshika kifundo cha mkono, vidole viwili juu ya mshipa, kama wafanyavyo manesi, na hakumwachia mpaka kiapo kilipokwisha. Kisha akatugeukia kanisa zima.

"Bado unapiga," alisema.