Simu Salama ya Muuza Chai

Appa, yaani baba yangu, alipeleka barua za watu wa mji wa Mysuru kwa miaka thelathini na tano, na sasa kila Novemba benki humtaka athibitishe kwamba bado yu hai. Mwezi ukiisha bila uthibitisho, pensheni inasimama, na insulini yake hununuliwa kwa pensheni hiyo. Mwaka huu wakaamua kwamba uhai utathibitishwa kwa programu ya simu. Tarehe thelathini tukaenda benki, maana nyumbani programu ilikuwa imetukatalia.

Mimi ni fundi simu. Ya Appa ilitelekezwa na kiwanda chake zamani, haikuwa ikipata tena marekebisho ya usalama. Nikavunja kufuli ya kiwandani inayozuia simu kubadilishwa mfumo, nikang'oa ule mkongwe, nikaweka mpya, safi, wenye herufi kubwa kwa macho yake mabovu. Programu ya benki ilipogundua tu, ikaandika kwa rangi nyekundu: simu hii si salama.

"Mmeichokonoa," alisema Gurumurthy, ofisa wa dirisha la pensheni, akaishika kwa vidole viwili kama panya mfu. Nywila ya kompyuta yake mwenyewe ilikuwa imebandikwa pembeni mwa skrini. Foleni nzima tulikuwa tunaisoma.

"Saar," nilimjibu kwa heshima, "nimeichokonoa ili iwe salama. Na Appa huyu hapa, anapumua. Mguse basi."

"Amma," aliniita, yaani mama, "mimi siruhusiwi kuona. Inayoona ni programu."

Mtu mzima, tai shingoni, haruhusiwi kuona! Siku zote nilidhani watu hawa wanatuonea kwa makusudi. Kumbe ni wajinga tu, ila wana kiyoyozi.

"Nani ana simu ya kawaida?" Gurumurthy aliiuliza foleni.

Basavaraju, anayewaletea chai, akatoa yake. Simu hiyo naijua, nimeitengeneza mara tatu. Haijapata marekebisho tangu inunuliwe, imejaa kamari na mikopo ya haraka, programu zinazochungulia hata ujumbe wa mkewe. Lakini kufuli ya kiwandani haijaguswa.

"Saar, hiyo usitumie. Humo ndani kuna wezi."

"Amma, acha wivu wa kazi."

Laini ya Appa ikaingizwa humo. Programu ikafunguka bila swali. Appa hakuweza kusoma herufi zile ndogo, kwa hiyo Gurumurthy akamsaidia kwa sauti ya mnadani: "Namba ya siri, mzee? Nne, saba, saba, halafu?"

"Moja," alinong'ona Appa.

"Moja! Haya, tazama kamera, pepesa macho."

Appa akapepesa. Ikatokea tiki ya kijani.

"Hongera, mzee. Uko hai."

Tulipofika kwenye ngazi za nje nikairudisha laini kwenye simu yetu, na ujumbe wa benki ukaingia. Nikamsomea: usitumie kamwe simu ya mtu mwingine, wala usimtajie yeyote namba yako ya siri.

Appa alikaa kwenye ngazi.

"Barua ya thamani nilikuwa namkabidhi mwenye jina, namtazama usoni," alisema. "Ningemwachia muuza chai, wangenifukuza siku hiyohiyo. Nibadilishie hiyo namba, mwanangu. Sasa hivi."

Namba hiyo hubadilishwa ndani ya programu tu. Nikaitoa laini tena, tukarudi ndani kumtafuta Basavaraju.