Nguzo ya Bi Mbeyu

Masika ya kwanza baada ya Uhuru, Mto Mkurumudzi ulifurika na nyumba thelathini za kijiji chetu zikalala matopeni. Serikali ikaahidi kujenga nyumba za mabati kwenye mwinuko. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, nimeajiriwa ukarani wilayani, na ahadi ile niliiamini kama nilivyoiamini bendera.

Bi Mbeyu hakungoja. Maji yalipopungua alizichomoa boriti zake topeni, akazisuuza, akasuka makuti, na siku ya nne akawa na kibanda. Binti yake Esha alikuwa amejifungua wiki moja kabla ya mafuriko. Alikuwa ndani ya arubaini, na mzazi hatolewi nje mpaka siku hizo zitimie. Majirani walipoona kibanda kimesimama, nao wakajenga vyao.

Hilo ndilo lililokuwa kosa lao.

Baada ya wiki tatu alikuja Bwana Jefwa, afisa aliyepewa kazi ya kuwapa watu makao. Alivaa mabuti ya mpira yasiyopata kuonja tope. Mbele ya kila kibanda aligonga makuti kwa fimbo, akaniambia mimi niliyeshika daftari la walioahidiwa nyumba, "Huyu ana paa. Futa."

Nilifuta majina kumi na moja. Naona haya kusema kwamba niliyafuta kwa hati nzuri.

"Shikamoo, mama," alisema tulipofika kwa Bi Mbeyu.

"Marahaba. Umetuletea nyumba?"

"Nimekuja kukagua. Nyumba ni za wasio na makao. Wewe unalo paa."

"Ulitaka nikae mvuani wiki tatu nikikungojea?"

"Utaratibu ndio unavyosema. Wanaojitegemea tunawapongeza."

"Kwa hivyo huyu mzazi angelala topeni, ningeandikwa?"

"Ungeandikwa wa kwanza," alijibu, kwa fahari.

Nikasema, "Bwana, boriti hizi zimekwisha kuoza. Hazitafika vuli."

"Kijana, huko chuoni hawafundishi utaratibu?"

Bi Mbeyu aliinama kwenye nguzo ya pembeni, akafungua kamba iliyoifunga na mwamba, ule mti unaobeba paa.

"Nishikie hapa, mwanangu," alimwambia Jefwa, kama mtu anayetaka kusaidiwa mtungi.

Jefwa akaupokea mwamba kwa mikono miwili. Bi Mbeyu akaivuta nguzo, akailaza chini, akaikalia.

"Usiachie. Ndani mna mtoto wa siku ishirini na nane."

Makuti yakalia. Mtoto naye akalia.

"Rudisha nguzo, mama."

"Tumalize ukaguzi kwanza. Paa langu limeshikwa na nani?"

"Na mimi."

"Na wewe ni nani?"

Jefwa alinitazama. Nikatazama daftari.

"Afisa wa serikali," alisema.

"Basi mimi sina paa. Serikali inalo. Karani, andika."

Nikaandika. Nikauliza jina lake lote, na la mama yake, na ukoo wa mama yake, kama fomu inavyotaka. Sikuacha hata mstari mmoja. Jasho lilikuwa limefika kwenye kola ya Jefwa.

"Harakisha, wewe."

"Utaratibu, bwana."

Mzee Iddi wa kibanda cha pili alisogea, akayaangalia yale mabuti. "Umeshachoka? Sisi tumeshikilia tangu mafuriko. Hebu nikuulize, na jina langu limefutwa?"

"Lirudishwe," Jefwa akasema.

Wakaja wengine, mmoja mmoja, wakimwamkia kwa adabu zote, na kila mmoja akajibiwa neno hilohilo. Majina yote kumi na moja yakarudi. Hapo ndipo Bi Mbeyu alipoinuka, akaisimamisha nguzo juu ya jiwe lake, akafunga kamba.

Jefwa alijifuta mikono, akanyoosha mkono kutaka daftari na kalamu. Kalamu ikasimama juu ya jina la kwanza.

Bi Mbeyu alikuwa bado ameshika ncha ya kamba. "Ukifuta," alisema taratibu, "utakuja ushike tena. Na safari hii sitakuwa na haraka."

Jefwa akatia saini.

Tulipofika kwenye barabara ya Msambweni Jefwa alinigeukia. "Mmeiaibisha serikali," alisema.

"Hapana, bwana," nikamjibu. "Leo ndiyo mara ya kwanza watu hawa wameiona ikifanya kazi."