Petali Niliyoipinda

Mwanga wa asubuhi ukiingia jikoni kwako, wifi, huingia na vumbi la karatasi: vumbi jepesi, vumbi lisilo na haraka, linaloelea juu ya meza kabla ya kutua juu ya maua makavu. Mimi hukaa upande wa kivuli. Siku hizi ndiko ninakojiona nastahili kukaa.

Kaka yako aliponioa nilikuja mikono mitupu. Nilidhani kadi ya maua ni gundi na subira. Ulinicheka mpaka ukafuta machozi, ukasema nashika mkasi kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

Hukunifundisha kwa maneno. Ulinipa petali zilizochanika na vipande vya karatasi za rangi, ukaniambia nibandike. Nikabandika, ukabandua. Nikabandika, ukabandua. Gundi ikizidi, ua hutoka jasho. Ikipungua, ua hunyanyua ukingo na kudondoka. Haya niliyajua kwa vidole kabla ya kuyajua kwa akili. Ikawa hivyo hadi siku ile ulipopitisha kidole juu ya kadi yangu, taratibu, kisha ukaiweka pamoja na zako, zile za kuuza.

Nilifurahi mno. Sikujua furaha ile ingekuja kunichoma.

Maana mkono wako ulianza kutetemeka. Tulisema ni uchovu, daktari akasema ni mishipa, akasema uzoee. Petali ikawa inatikisika kwenye kibanio kana kwamba chumbani mna upepo. Ukafanya mzaha, ukasema leo waridi limeamua kucheza ngoma. Nikacheka nawe.

Nikawa napeleka boksi la kadi peke yangu kwa mwenye duka la vifaa vya shule, anayetuuzia kadi zetu. Siku moja alinivuta pembeni. Kwa upole, kwa sauti ya chini, akaniambia za wifi yako hazitoki, watu wanachagua zako, ikiwezekana lete zako tu. Nikasema sawa. Sawa hiyo, wifi, sijaimeza hadi leo.

Nilirudi na kadi zako kwenye mkoba, nikazificha kabatini chini ya khanga. Nikakuambia zimekwisha zote. Uso wako ukachanua, ukauliza ipi ilitangulia kuondoka. Nikasema ile ya alizeti. Tazama jinsi nilivyodanganya: hata uongo niliuchagulia rangi.

Basi nikaona nishuke, tuwe sawa. Kadi ya harusi iliyofuata nikaipinda petali kwa makusudi, nikaiacha gundi ivuje, nikalipeleka upande shina la ua. Nikakukabidhi huku nikitazama sakafu.

Uliigeuza penye mwanga.

"Mkono uliokosea naujua," ulisema. "Huu haukukosea. Huu umetumwa."

Nikasema nimechoka.

"Kadi zangu ziko wapi?"

Nikaenda kabatini, nikazileta. Ulizipanga mezani, ukazikagua moja moja kwa jicho lile lile ulilokuwa ukikagulia zangu. Ukainua mojawapo, mashina yake yamekwenda upogo.

"Hii hata mimi nisingeinunua," ulisema. "Lakini ungeniambia."

Mimi nililia. Wewe hukulia. Hukuniambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu, na kwa siku kadhaa ulizungumza nami habari za chai na chumvi tu.

Leo umevaa viatu vya kutokea, ukaniambia twende dukani. Nilikufuata nyuma kama mtuhumiwa. Mwenye duka alipotuona pamoja alianza kupanga kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

"Kadi zangu zikirudi," ulimwambia, "nirudishie mimi."

Akaitikia, akaomba radhi, akakuita mama. Wewe ukanunua gundi. Ulifungua kifuniko, ukaigusa kwa kidole kinachotetemeka, ukasema hii nyepesi, lete nyingine.

Tukatoka. Jua lilikuwa utosini, jua kali lisilo na vumbi, na barabara nzima haikuwa na kivuli cha kukimbilia. Penye kuvuka ulinipa mkono wako. Nikaushika. Nilitaka utulie ndani ya wangu. Haukutulia, nami sikuubana.

Sijui kama umenisamehe. Sikuuliza, nawe hukutamka. Ng'ambo ya barabara ulinitazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ile, ukasema kesho nije mapema: utanichagulia petali, mimi nitabandika, na nikipinda hata moja utaniona.