Kifo cha Eliya Kwenye Filamu

Nusu ya watu walikwisha kutoka ukumbini. Rebeka, aliyeitengeneza filamu, aliwasikia nje wakicheka, wakiulizana filamu gani hii ya vita isiyo na risasi, nyasi tu na upepo. Hilo halikumuumiza sana. Kule Dar es Salaam wahakiki nao hawakupatana: mmoja aliiita shairi, mwingine akaandika gazetini kwamba vita vimepambwa mno, na kwamba hakuna askari anayekufa kama yule kijana wa mwisho, amelala chali, akitazama mawingu mpaka macho yakajifumba.

Kijana yule alikuwa mjomba wa Rebeka, Eliya, aliyekwenda vita vya Kagera asirudi. Rebeka hakukibuni kifo kile. Alisimuliwa na mama yake, Yunisi, naye Yunisi alikisikia kwa Mzee Simeoni, aliyepigana bega kwa bega na Eliya kisha akaleta habari nyumbani Manyoni.

Sasa wote wawili walikaa mbele, katika ukumbi wa parokia uliozibwa madirisha kwa mablanketi. Eliya wa filamu alipolala kwenye nyasi, Mzee Simeoni aliinamisha kichwa, mikono imeyakamata magoti. Rebeka akatamani kuzima mashine, asithubutu.

Taa zilipowashwa, hakuna aliyepiga makofi. Yunisi alikuwa amesomewa yale ya gazetini. Akamgeukia mzee taratibu.

"Kaka Simeoni, wanasema hakuna anayekufa hivyo. Eliya alikufa hivyo?"

Mzee aliinua kichwa.

"Mama yenu alinipokea mlangoni," alisema. "Alishajua, kabla sijafungua mdomo. Ningemwambiaje yale niliyoyaona?"

Yunisi hakulia. Akauliza kama Eliya alikuwa peke yake. Mzee akasema hapana, alikuwa naye mpaka mwisho, na hilo akaliapia. Yunisi akaitikia kwa kichwa, akamshika mkono, akamwinua.

Rebeka aliwafuata hadi mlangoni, akamwambia mama yake kwa sauti ya chini kwamba kipande kile atakikata.

"Usikiguse," Yunisi alisema. "Bibi yako alizeeka na kifo hicho."

Kisha akawaomba vijana waliosimama kizingitini wapishe, mzee apite.