Nafasi ya Kumi

Jumatatu ya pili ya Februari, mwaka wa tisini na nane, saa mbili na robo asubuhi, Yusra binti Boga aliondoa kitambaa kilichoikinga kompyuta yake na vumbi, akaiwasha, akajaribu kuifungua folda ya PWANI. Haikufunguka. Maandishi kwenye kioo yalimwambia kwamba hana ruhusa.

Ofisi ya viwanja ya Kwale ilikuwa na kompyuta nne, zilizoletwa na wafadhili mwaka uliotangulia na kuunganishwa kwa kebo ya buluu iliyopita juu ya kabati la mafaili. Ramani zote, kuanzia Waa mpaka Shimoni, ziliwekwa ndani ya folda za pamoja, na karani yeyote aliweza kuzifungua kutoka mezani pake. Folda ya Mkongani ilifunguka asubuhi ile bila taabu. Ya Lungalunga vilevile. Ni PWANI tu iliyokataa.

Jumwa, karani wa meza ya pili, alijaribu naye akanyimwa.

"Labda imechoka," akasema, akarudia chai yake.

Siku hiyohiyo, nyumbani kwao kusini ya Diani, mamake Yusra, Bi Mbeyu, alichukua kikapu na kijiti cha kuchokolea pweza, akashika njia ya Mkwakwani kwenda pwani, kama alivyofanya kila maji yalipokupwa kwa miaka arobaini. Akapita kisima cha zamani, akakunja kushoto mahali njia inapokunja, akatokea barabara ya lami. Akarudi mwanzo, akatembea upya. Akatokea tena barabara ya lami, penye nguzo ileile ya simu. Mara ya tatu alikutana na wanawake wanne waliokuwa wakitokea kama yeye, vikapu vitupu. Wakasimama kidogo, wakaulizana kama kuna aliyefika, hakuna, kisha kila mmoja akaenda kwake kutafuta kitoweo kingine.

Jioni Yusra alimkuta mamake kibarazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo sikufika pwani."

"Unaumwa?"

"Kifua ni kilekile. Nimekwenda, lakini haipo."

Yusra akavua buibui, akaketi. "Na kwa baba?"

"Kwa baba yako ndiko nilikokuwa nikienda."

Mzee Boga alizikwa miaka sita nyuma katika makaburi madogo yaliyo hatua chache tu kutoka mchangani, kwenye kivuli cha mikadi. Bi Mbeyu hakuwa akipitisha siku mbili bila kwenda kulifagia kaburi na kumpa mumewe habari za nyumbani: nani ameoa, nani anadai talaka, bei ya sukari imefika wapi. Pweza aliwatafuta akirudi.

Fundi alikuja Alhamisi kutoka duka moja la kompyuta Mombasa. Aliitwa Munyoki, Mkamba aliyekulia kwenye mashamba ya walowezi wa Shimba Hills, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Akaichomoa kebo na kuirudisha. Akazitazama taa za kile kisanduku kinachounganisha mashine. Akazima kila kitu, akahesabu mpaka thelathini, akawasha. Akamwambia Yusra aandike neno lake la siri mara mbili, polepole. Hatimaye akakaa mbele ya kompyuta kubwa iliyokuwa kwenye chumba cha stoo, akatulia hapo nusu saa.

"Madam, kebo iko sawa," akasema. "Neno lako la siri pia liko sawa. Shida ni kwamba kumejaa. Hii mashine inaruhusu watu kumi tu kwa folda. Zamani nyinyi mlikuwa mnaingia kupitia kundi linaitwa Wote. Kuna mtu ametoa Wote, akaandika majina."

Akamwonyesha. Yalikuwa majina kumi. Mawili Yusra aliwahi kuyasikia kwenye taarifa ya habari ya redio. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga ofisi ile, lakini wote walikuwa wameifungua folda mchana na usiku, tangu Jumapili.

Mkuu wa ofisi, Bwana Kibwana, aliitwa akaja kutazama. Alikuwa mwenyeji wa pwani hiyohiyo, na alijifuta uso kwa leso kabla ya kusema.

"Hayo yametoka juu," akasema. "Wewe, fundi, tengeneza kompyuta." Akarudi ofisini kwake, akafunga mlango.

Munyoki aliyafuta majina yote kumi, akalirudisha kundi la Wote, na folda ikafunguka kwenye kila meza. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Wakati huo wanawake wawili waliokuwa wakiokota kuni Mkwakwani walijikuta wametokea mchangani. Mmoja aliosha miguu. Mwingine aliketi tu. Bi Mbeyu hakuwapo. Alikuwa kwenye foleni ya hospitali kwa ajili ya kile kifua, na habari hizo alizipata siku ya pili.

Saa sita kamili kundi la Wote lilitoweka, na majina yakaanza kurudi, moja baada ya jingine. Munyoki hakugusa kitu. Aliyatazama yakijiandika kama mtu anavyotazama maji yakijaa.

"Mizizi yao haiko kwa hii mashine," akasema. Yalipofika tisa yakasita, na hapo akaliandika haraka jina la Yusra kwenye nafasi ya kumi. Akamwachia pia karatasi yenye neno la siri la msimamizi, kwa kuwa Bwana Kibwana hakutaka kujifunza mambo hayo, akamwelekeza kumpigia simu dukani siku akikwama.

Bwana Kibwana hakupinga. "Barua za kuwagawia viwanja lazima zichapwe na mtu," akasema. "Bora awe Bi Yusra. Mkono wake ni safi."

Yusra akaifungua ramani. Njia ya Mkwakwani, ambayo kwenye ramani ya zamani ilikuwa na upana wa mita sita na imeandikwa kuwa ni ya umma, haikuwapo. Viwanja vilikuwa kumi, bega kwa bega, kuanzia barabara mpaka majini. Makaburi yalikuwa ndani ya kiwanja nambari nne, lakini ramani haikuyaonyesha.

Jioni ile alimshika mamake mkono wakateremka pamoja. Walipita kisima wakiongea. Walipokunja kushoto Yusra alihisi mkono wake u mtupu, na mbele yake ilikuwa bahari, maji yamekupwa, kaa wanatambaa. Kwa mbali nyuma yake alimsikia mamake akimwita kutoka barabarani.

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekwenda. Mamake alimngoja penye nguzo ya simu akiwa ameketi juu ya kanga iliyokunjwa, naye Yusra alichukua ufagio na salamu. "Mwambie yule mbuzi mweupe amezaa mapacha." "Mwambie paa la jikoni limeshaezekwa, asihangaike." Yusra alizifikisha salamu zote, kisha akarudi na kumweleza mamake kaburi lilivyo, mikadi ilivyo, kama mawimbi yamekula mchanga au yameurudisha. Bi Mbeyu alitaka kila kitu kwa ukamilifu. Aliuliza mpaka majani yameangukia upande gani.

Mchana Yusra alichapa barua. Kila barua ilikuwa na jina, nambari ya kiwanja na maneno "eneo lisilokuwa na mtu". Alijua kuyachapa bila kuyatazama.

Siku moja mamake alikuwa akichambua mchele, akamuuliza, "Unafanya kazi gani humo ofisini, hata wewe ukaruhusiwa kufika na sisi tusifike?"

"Nachapa barua, mama."

"Za nani?"

"Za wenye viwanja."

Bi Mbeyu aliendelea kutoa mawe kwenye ungo. Alitoa manne, akayatupa uani.

"Basi zichape vizuri," akasema. "Wasije wakakutoa."

Kifua kilizidi mvua za masika zilipoanza. Hospitali walimpa vidonge, na jirani akamletea mizizi ya kuchemsha, navyo vyote alivitumia kwa utiifu. Wiki ya mwisho alisema jambo moja tu, akalisema mara nyingi: alazwe ubavuni mwa mumewe, upande wa kulia, palipoachwa nafasi yake. Alifariki Jumatano alfajiri. Watu wakakubaliana azikwe baada ya sala ya alasiri.

Mjomba wake Yusra, Mzee Mapenzi, alimwita kando. "Tumejaribu kupeleka wachimba kaburi," akasema. "Wametokea barabarani na majembe yao. Jeneza nalo litatokea barabarani. Tumzike huku juu, mwanangu. Ardhi ni moja."

"Nipe mpaka saa sita, mjomba," Yusra akasema.

Aliwaacha wanawake wakimwosha mamake, akapanda Kwale. Jumwa alimpa pole, akamwachia simu ya ofisi. Dukani Mombasa Munyoki alikuwa anakula. Alisikia habari, akaacha kula.

"Pole sana, madam. Pole sana. Nafasi ni zile kumi tu, unajua. Tisa zikifutwa zinarudi zenyewe. Ya kumi ni yako."

"Najua. Nataka niandike jina lake badala ya langu."

"Ukijitoa, pengine hutarudi. Wako mbioni kuijaza hiyo."

"Niambie nibonyeze wapi."

Akamwambia. Yusra aliandika neno la siri la msimamizi, akalitafuta jina lake kwenye orodha, akalifuta. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Kisha akaandika: Mbeyu.

"Sasa inataka neno la siri," Yusra akasema. "Na mama hakujua kuandika."

"Acha tupu," Munyoki akasema. "Itakubali. Yeye atapita bila kuulizwa."

Wakati wa alasiri wanaume walilibeba jeneza kwa zamu, wakishahadia, mpaka kwenye kisima. Wanawake walibaki nyuma kama ilivyo desturi, lakini Yusra alisimama mahali ambapo aliweza kuona. Mahali njia inapokunja, wabebaji walihisi mabega yao yamekuwa mepesi. Wakaachia. Jeneza liliendelea mbele kwa kimo kilekile na kwa mwendo wa watu wanne, likakunja kushoto, halikuonekana tena. Imamu aliinua mikono, akasoma dua palepale, na watu wakaitikia amin. Walingoja. Baada ya muda wa kutosha kuchimba na kufukia, jeneza lilirudi tupu, miguu yake imelowa maji ya chumvi. Wanaume walilipokea, wakalirudisha msikitini.

Yusra aliporejea kazini baada ya siku saba, jina la mamake halikuwapo kwenye orodha. Mahali pake palikuwa na jina la kumi, lilelile la mwanzo. Kazi ya kuchapa ilikuwa imepewa mtu aliyeletwa kutoka Nairobi na kompyuta yake mwenyewe. Bwana Kibwana alimpa Yusra daftari la barua zinazoingia, na kalamu. Alimpa pia rambirambi, kwa sauti ya chini, na ilikuwa ya kweli. Yusra alimuuliza kama nafasi itapatikana siku moja. Bwana Kibwana alitazama dirishani, akasema ataiangalia. Hakuiangalia.

Mwezi Oktoba ukuta ulianza kujengwa. Mafundi waliingia kwa jina la mwenye kiwanja, wakatoka jioni kusubiri usafiri barabarani. Mmoja wao, mtu mzima aliyeitwa Muindi, alizoea kumwamkia Yusra akimpita penye nguzo ya simu. Jumamosi moja alisimama.

"Dada, mle ndani kuna makaburi mawili," akasema. "Moja jipya. Kila tukifika asubuhi tunakuta yamefagiliwa, na katikati yake kuna alama kama za watu waliokaa kuongea. Unayajua?"

"Ni wazazi wangu."

Muindi alivua kofia. "Pole. Ni vile mwenye kiwanja amesema Jumatatu tusawazishe. Hapo ndipo magari yatakuwa yanaegeshwa. Nimeona nisinyamaze."

"Ahsante kwa kuniambia," Yusra akasema.

Gari la hoteli lilipita, likawatimulia vumbi la kandokando ya lami, kisha vumbi likatulia.

"Bahari ilikuwaje leo?" Yusra akauliza.

Muindi alikuwa mtu wa bara, na siku nzima alikuwa ameipa mgongo akipanga mawe. Alijaribu kukumbuka kwa heshima.

"Ni maji tu, dada," akasema. "Maji mengi."